Malindi Mpaka Nyari kwa Miguu: Maswali Mnayouliza Kila Siku

Haya jamani. Nimechoka kujibu swali moja mara ishirini kwenye grupu, na kuna mwingine alinipigia saa tano usiku kuniuliza habari ya soksi, kwa hivyo nimekaa nikaandika yote hapa. Soma kwanza, ukikosa lako ndo uniulize. Mimi si kocha wala si daktari. Nimeenda hii safari mara mbili, ya kwanza niliingia Marafa nimebebwa na boda, ya pili kwa miguu yangu mwenyewe, na karibu yote nitakayosema nimejifunza ile ya kwanza.

Ni safari gani hii na ni umbali gani?

Ni matembezi ya kuchangisha pesa, yanafanywa Agosti. Tunaanzia Malindi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, tunaishia Marafa kwenye lile korongo jekundu, watalii wanaliita Hell's Kitchen, Wagiriama wenyewe wanaliita Nyari. Ni kama kilomita 40. Unakata mji, unashika barabara ya Garsen, unavuka daraja la mto Sabaki, ukishavuka unaingia kushoto barabara ya Marikebuni na hapo ndo unaiaga bahari, manake upepo unabaki nyuma na kuanzia hapo ni wewe na jua na mbuzi wa watu.

Pesa zinanunua tangi la lita 10,000 na mifereji ya kuvuna maji ya mvua, ni za shule moja ya msingi huko ndani. Kisima chao ni maji ya chumvi, watoto wanakuja shule na kidumu cha lita tano mkononi kila asubuhi.

Si mngechanga tu hizo pesa bila kujitesa?

Hili ami yangu huniuliza kila akiniona na raba. Tulijaribu. Tulituma namba ya M-Pesa kwa kila mtu tunayemjua na tukapata za kununua mfereji bila tangi. Mtu ukimwomba mia nne anakwambia mwezi umekaa vibaya. Lakini ukimwambia "ami, niahidi shilingi 10 kwa kila kilomita nitakayomaliza", anakuangalia juu mpaka chini, anacheka, anasema wewe hufiki hata Sabaki, anaandika jina lake mbele ya wenzake barazani. Ukifika Nyari ana deni la 400 na barazani pote wanajua. Wengi wanaahidi kwa sababu wana hakika utashindwa, na mimi sina shida na hilo hata kidogo.

Pesa zinashikwa na nani?

Watu watatu, na haitoki hata shilingi bila wote watatu kukubali. Ahadi zinaandikwa kwenye daftari, zikilipwa zinapigwa picha zinatumwa kwa grupu. Usizunguke na kopo sokoni kwa jina letu, kuchangisha hadharani kunataka leseni na sisi tunachukua ahadi kwa watu tunaowajua tu. Na tisheti usiulize. Ile mara ya kwanza kuna duka tulilipa dipoziti ya tisheti hamsini, mpaka leo kila tukipita ni "njooni Jumatatu". Sasa hivi kila mtu avae yake, tukifunga kitambaa cha kijani mkononi tunajuana.

Na polisi?

Watu wengi wakitembea pamoja barabarani ni maandamano kisheria hata kama mnaimba kasida. OCS, yule mkuu wa kituo cha polisi, anafaa kuandikiwa barua si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Hiyo ni kazi yetu, si yako.

Mbona Agosti?

Shule zimefungwa, na ndo wakati hali ya hewa ina huruma kidogo. Kusi inavuma, jua lipo lakini si lile la kaskazi la Februari na Machi ambalo ukitoka nje saa nne unarudi umeiva. Ubaya wake ni kwamba mazoezi yanaanza katikati ya Mei, masika imeshika, matope kila mahali, mbu wa kutosha, na Sabaki imeshusha udongo wa bara mpaka bahari ya Malindi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Vumilia.

Sijawahi kutembea hata kilomita tano. Nitaweza?

Ndio, ukianza sasa. Ukianza mwezi wa saba hapana, na usiniletee habari ati wewe unacheza mpira. Wachezaji mpira ndo wa kwanza kukaa chini, wamezoea kukimbia dakika 90 na kupumzika, hawajazoea kupiga hatua ileile masaa kumi.

Tunafanya wiki 12. Kila Jumamosi ni safari ndefu, halafu Jumanne na Jumatano jioni ni fupi za saa moja hivi (siku hizo kwa sababu wengi wetu tunafunga Jumatatu na Alhamisi). Jumamosi ya kwanza kilomita 8, ya pili 10, ya tatu 12, ya nne tunashuka 9 ili mwili ujijenge, halafu tunapanda 15, 18, 21, tunashuka tena 15, halafu 25, halafu 30. Hiyo 30 ni wiki mbili kabla ya safari na ndo mwisho, hatufiki 40 kwenye mazoezi. Kila mwaka kuna kijana anaenda 40 peke yake wiki moja kabla ili ajipime, anafaulu, halafu siku yenyewe anakuja anachechemea. Baada ya 30 tunafanya 18, na wiki ya mwisho ni kunyoosha miguu tu na kulala mapema.

Ukikosa Jumamosi moja usijaribu kuilipa kwa kufanya mbili wiki ijayo. Imepita, imepita.

Mbona tunatembea pole pole hivo? Mimi naona usingizi.

Manake wewe unatembea na miguu yako na mimi natembea na ya watu wanne. Kila mtu anaingia kwenye timu ya wanne, mnaondoka pamoja, mnafika pamoja, na anayetangulia mbele ni yule anayetembea pole pole kuliko wote. Hii ya wanne tumeiba. Kule Hong Kong kuna matembezi yanaitwa Oxfam Trailwalker, yalianza 1981 kama mazoezi ya wanajeshi Gurkha, baadaye raia wakaingia, ni kilomita 100 milimani, timu ya watu wanne, masaa 48. Sisi hatuna milima wala hatuna wazimu wa kilomita mia, lakini ile hesabu ya wanne ina akili, mmoja akiumia mmoja anabaki naye na mwingine hatembei peke yake kutafuta msaada.

Mwendo wetu ni kilomita 4 na nusu kwa saa, na mapumziko ni kama masaa mawili kwa jumla. Tukitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wameshaswali, tunakuwa Sabaki saa moja hivi, na Nyari tunaingia saa kumi na nusu jioni jua likiwa bado lipo. Ukienda mbio asubuhi unapata dakika ishirini, jua la saa saba linakunyang'anya saa nzima.

Mazoezi tunafanyia wapi?

Wiki za mwanzo ufuoni, kutoka Silversands kushuka Casuarina na kuendelea. Maji yakikupwa ule mchanga mbichi karibu na maji ni mgumu, unatembea vizuri, magoti hayaumii kama lami. Maji yakijaa unasukumwa kwenye mchanga mkavu, na huo kilomita moja ni kama tatu, mashavu ya miguu yanawaka moto. Kwa hivyo angalia maji kabla hujapanga. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, ukikuta leo yamekupwa saa kumi na mbili asubuhi, baada ya siku nne yanakupwa saa tatu na zaidi. Na siku za bamvua, yale maji makubwa, ndo mbaya kwetu, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kwa sababu alfajiri unakuta yamejaa mpaka ukutani, yanakupwa saa nne saa tano jua limeshapanda. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kuangalia simu.

Halafu kuna kitu hakuna aliyeniambia. Ufuo umeinama. Ukienda kusini bahari iko kushoto kwako, mguu wa kushoto unakanyaga chini kuliko wa kulia hatua elfu na elfu. Siku moja tulishuka mbali sana tukachoka tukarudi na tuktuk, kesho yake karibu timu nzima tunaumwa nyonga upande mmoja, tukadhani ni ugonjwa. Ni kwa sababu hatukurudi kwa miguu. Ukienda na kurudi kwa njia ileile inajisawazisha.

Kuanzia wiki ya tano tunahamia lami, barabara ya Garsen mpaka darajani na kurudi, manake safari yenyewe ni barabara na unyayo lazima uzoee. Tembea upande wa kulia gari zikujie usoni, alfajiri vaa jaketi la rifleta, azima la kaka yako wa boda. Na usishuke kule mtoni Sabaki inapoingia baharini giza likianza ati unaenda kupiga picha, kuna viboko pale.

Safari moja tunaenda msitu wa Arabuko-Sokoke kwa sababu ya kivuli, na kwa sababu mimi napapenda. Kuingia ni kwa kulipa na ni lazima tuwe na mtu wa kutuongoza, ule msitu una ndovu wa kweli na hawaonekani mpaka umewafikia.

Nivae raba gani?

Zile zilizokwisha kuzoea mguu wako. Hilo tu ndo jibu, lakini najua hamtosheki nalo. Mitumba sawa kabisa, za kwangu ni za mitumba. Nenda ukanunue jioni sio asubuhi, kwa sababu mguu unavimba kutwa nzima na safarini utavimba zaidi, kidole gumba kibaki na nafasi ya upana wa kidole mbele. Zikunje, soli ikikunjika katikati kama chapati iache. Vuta ukingo wa soli kwa kucha uone gundi, za mitumba zimekaa kontena miezi na gundi inakufa bila kuonyesha. Mwenzetu mmoja soli yake ilibanduka karibu na Marikebuni, ikawa inapiga lami pa, pa, pa kama mdomo wa bata, tukaifunga kwa mpira wa tyubu wa baiskeli na akafika. Tangu siku hiyo mpira wa tyubu uko kwenye begi la kila timu.

Akala, vile viatu vya tairi? Kama umezivaa tangu utotoni, vaa. Kuna mzee wa Marafa alitupita na akala huku anasukuma baiskeli ya makaa, akatusalimia vizuri tukamwitikia shikamoo, na akapotea mbele.

Soksi zisiwe za pamba. Pamba inashika jasho, inakunja, inakukata.

Malengelenge yanakuja tu, nifanye nini?

Hayaji tu, yanatangaza. Kwanza unasikia joto mahali pamoja, kama mtu amekuwekea kijiko cha chai moto kisiginoni. Hapo hapo simama. Usiseme nitasimama kwenye ule mti pale. Kaa chini, vua raba, vua soksi, kung'uta mchanga, futa mguu ukauke kabisa na leso, acha upigwe upepo dakika mbili, halafu bandika plasta ya kitambaa ile pana, uikate pembe ziwe za duara ili zisibanduke, ilale bila kunja hata moja. Pitisha kidole juu. Ukisikia kunja kwa kidole, mguu utaisikia mara mia. Vaa soksi kavu, ile ya zamani itundike kwenye begi ikauke. Dakika saba zote, na timu nzima inakungoja bila kununa, hiyo ndo kazi ya timu.

Likishajaa maji na halijapasuka liache na lilinde kwa plasta. Likipasuka lisafishe, lifunike, ile ngozi ya juu usiivute. Kucha za vidole kata siku tatu kabla. Na usiku wa kuamkia safari jipake mafuta ya mgando vidoleni, asubuhi tena, na usione haya kujipaka mapajani na kwapani, michubuko ya huko ndo ilinipandisha mimi boda.

Mimi ni msichana, nivae nini?

Dada, usivae dera. Mimi nilivaa. Kufika daraja la Sabaki kusi iliingia kwa chini ikanijaza kama tanga la jahazi, nimeshika pindo mkono huu na chupa mkono huu, lori linapita, vijana wanacheka. Na kitambaa kikiloa jasho kinajikunja katikati ya mapaja kinafanya kazi ya msasa. Vaa suruali nyepesi isiyobana, juu kanzu nyepesi inayofika magotini yenye mpasuo pembeni, hijabu ile ya michezo isiyohitaji pini. Ukipenda buibui liwe jepesi na fupi kidogo lisifagie. Beba pedi hata kama si siku zako, mwili ukichoka una mambo yake, na kwenye kila timu ya wasichana kuna mmoja amejifunza huduma ya kwanza.

Mama amekataa.

Usimdanganye ukaja. Tuambie, tutakuja wawili watatu kumwamkia, tumweleze njia, tumpe namba ya dada anayeongoza na ya tuktuk ya maji inayotufuata. Mama zetu wengi hawakatai kutembea, wanakataa kutojua uko wapi saa nane mchana. Mama yangu mimi alikataa mpaka akaambiwa kuna mpishi anahitajika Marafa, sasa anatangulia na masufuria na hana habari na mimi.

Nile nini?

Usiku wa kabla wali, pilau, ugali, chochote ulichozoea, shiba lakini usipasuke. Alfajiri mahamri mawili matatu na chai inatosha, mbaazi za nazi mimi naziacha mpaka nirudi kwa sababu za tumbo ambazo sitazieleza hapa. Njiani kula kidogo kidogo kila saa kabla njaa haijakuja: tende, ndizi, viazi vya kuchemsha na chumvi, kashata. Usijaribu kitu kipya siku hiyo.

Maji lita ngapi?

Kama nusu lita kwa saa, jua likiwa kali zaidi kidogo, na kunywa kwa kiu usijilazimishe. Mnashangaa nikisema hivi, lakini maji matupu yakizidi nayo yanaumiza, yanazimua chumvi ya mwili, utaona vidole vimevimba, kichwa kinauma, kichefuchefu, mtu anaanza kusema maneno hayaeleweki. Kwa hivyo chupa moja iwe ya maji na nyingine ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visiwe na mlima. Dafu ni zuri na kila mtu analipenda lakini lina chumvi kidogo, kwa hivyo kunywa dafu na utafune karanga za chumvi.

Usimeze ibuprofeni njiani kwa ajili ya maumivu, kwenye joto na jasho inaweza kusumbua figo.

Dalili gani za kusimamisha safari?

Mwenzako akianza kuyumba, kujibu vitu ambavyo hukumuuliza, au ngozi imewaka moto, hiyo si uchovu, amepigwa na joto. Kivulini, mvulie vya juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa leso, na piga simu. Poza kwanza, gari baadaye likija. Kikoi kilicholowa maji kichwani tangu saa nne asubuhi kinazuia mengi ya haya.

Nikishindwa njiani ahadi zangu zinapotea?

Hapana. Unalipwa kilomita ulizotembea. Mimi nililipwa 31.

Naweza kuja na baiskeli?

Hapana.

Huko Nyari kuna nini mpaka twende mpaka huko?

Ardhi imekatika. Unatembea tambarare, mihogo na mikorosho, halafu mbele yako hakuna ardhi, kuna shimo kubwa lenye minara ya mchanga nyekundu, nyeupe, rangi ya waridi, imechongwa na mvua na upepo. Jua likishuka yote inawaka. Wazee wa pale wanahadithia kulikuwa na familia tajiri mpaka wakaoga maziwa ya ng'ombe, Mungu akakasirika, ardhi ikawameza, na zile rangi nyeupe na nyekundu ni maziwa na damu. Kuna kiingilio, kinalipwa kwa watu wa pale kijijini, kimo kwenye mchango wako. Kushuka chini ndani ya korongo ni kwa hiari, na mtu aliyetembea kilomita 40 hashuki, anakaa ukingoni anaangalia.

Na kurudi?

Kuna basi dogo tumekodi, linaondoka baada ya Magharibi, watu wakishaswali na kula. Kukaa ni kwa timu, waliopata michubuko wanapewa viti vya mbele. Ruhusa ya kuvua raba ndani ya basi imefutwa kuanzia mwaka huu, na mliokuwepo mwaka jana mnajua kwa nini.